Kwinoa na vibustani vyetu

Maneno yaliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Kilimo na Mazingira mbele ya mkutano wa wakazi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya mmea ambao wengi wenu hamjauona kwa macho. Mmea huo unaitwa kwinoa.

Sababu ya kuuzungumzia leo mnaijua. Vijana wetu walileta ombi mbele ya Kamati kwamba msimu ujao shamba lote la mfano, ile nusu ekari iliyo karibu na bomba la chini, lipandwe kwinoa. Walisikia redioni kwamba ni zao linalostahimili ukame, chumvi na baridi, kwamba ni chakula cha mabadiliko ya tabianchi. Mmoja wao akasema kwenye kikao, nami nilikuwepo, kwamba tukiwa na kwinoa hatutasubiri tena mgao. Watu walipiga makofi. Niliona hata mgeni mmoja wa shirika anaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Nitaueleza.

Kamati ikaniambia: Mwalimu, wewe ulisomea kilimo kule nyumbani, tuelezee kabla hatujapiga kura. Basi naeleza. Na niseme mapema kwamba mimi si adui wa kwinoa. Nimeipanda kwa mikono yangu, na nimeila.

Kwinoa asili yake ni Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, hasa sehemu za Ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia. Watu wa huko, Waquechua na Waaymara, wameilima kwa maelfu ya miaka. Punje yake ni ndogo, kama milimita mbili, lakini si nafaka ya jamii ya mahindi wala mtama. Ukoo wake ni mmoja na lengalenga yetu, ambayo wenyeji wetu Watanzania huiita mchicha. Majani yake yanaliwa kama mboga. Kwa hiyo mama aliyewahi kuacha lengalenga ikazaa mbegu ameshaona kitu kinachofanana na kwinoa, ila kwinoa hubeba mashuke makubwa zaidi, mengine mekundu, mengine ya njano.

Nguvu zake si uongo. Kusini mwa Bolivia, pembeni mwa uwanda mkubwa wa chumvi wa Uyuni, watu wanaishi zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 200. Hapa Kigoma sisi hupata karibu mara tano ya hiyo. Usiku maji yanaganda. Udongo una chumvi. Mahindi hayawezi kuishi hapo, lakini kwinoa inazaa. Aliyesema redioni kwamba ni mmea mgumu alisema kweli.

Hata hivyo, mmea huo ulikuwa karibu kudharauliwa mpaka usahaulike. Wahispania walipoingia Peru mwaka 1532 walileta ngano na shayiri, na hizo ndizo zikawa chakula cha watu wenye heshima. Kwinoa ikabaki chakula cha Wahindi wa milimani. Kwa karne nyingi mtu wa mjini Lima au La Paz aliona aibu kuiweka mezani. Iliokolewa na nani? Hakukuwa na wizara wala shirika. Iliokolewa na wakulima wadogo wa vijijini, akina mama wakiwa wengi, ambao kila mwaka walichagua mashuke mazuri, wakayafunga, wakayaweka ndani mpaka msimu mwingine. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Mambo yakageuka. Watu wa Marekani na Ulaya waligundua kwamba kwinoa ina protini nzuri, gramu 14 hivi katika kila gramu 100, tena ina ile sehemu ya protini ambayo mahindi yanaikosa. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la serikali ya Bolivia chini ya Rais Evo Morales, ukautangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa. Bei ikapanda ikawa zaidi ya mara mbili. Vijana waliokuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini wakarudi vijijini kulima. Familia nyingi zilipata fedha ya shule na ya mabati, na hilo ni jema, tusilibeze.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Zamani wakulima wa pale walilima kwinoa kidogo milimani, na bonde wakaliacha kwa malisho ya llama, mnyama wao wa mizigo, ambaye samadi yake ndiyo iliyorutubisha mashamba. Bei ilipopanda, trekta ziliingia mabondeni, malisho yakalimwa, llama wakapungua, samadi ikapungua, na upepo ukaanza kuubeba udongo. Wakati huohuo Peru nayo ikaanza kulima kwa wingi hata kwenye pwani yake, na kufikia 2014 ikaipita Bolivia. Kwinoa ikajaa sokoni. Mwaka 2015 bei ikaanguka vibaya. Mkulima wa Uyuni akabaki na bei ya zamani na shamba lililochoka.

Kuna na jambo la mbegu. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya njia ya kuzalisha kwinoa chotara iliyotokana na aina moja ya Bolivia iitwayo Apelawa. Wakulima wa Bolivia, kupitia chama chao cha ANAPQUI, walipinga mpaka wakafika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1998 hataza hiyo ikaachwa. Walishinda, lakini hebu fikirini: mtu ametunza mbegu aliyoachiwa na bibi yake, kisha anasafiri mpaka New York kueleza kwamba ni yake.

Nisiwachoshe na Bolivia. Turudi huku kwetu.

Baada ya 2013, Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilisaidia majaribio ya kwinoa katika nchi kadhaa za upande wetu, zikiwemo Kenya, Uganda na Ethiopia. Rwanda nako ilifika mwaka 2015 kwa juhudi za Cedric Habiyaremye, mtaalamu wa mimea aliyesoma Marekani, Mnyarwanda ambaye mwaka 1994 alikuwa mtoto mdogo akakimbia vita pamoja na familia yake. Mtu aliyeijua njaa utotoni akarudi na mbegu nyumbani. Kwa hiyo kwinoa inaota Afrika yetu. Hatubishani juu ya hilo.

Mwingine atauliza kama ni halali kwetu kupokea zao la kigeni. Ndugu zangu, bugali tunaokula ni wa mahindi, na mahindi yalitoka Amerika. Muhogo na sombe yake vilitoka Amerika. Maharage, karanga, viazi vitamu, vyote vilivuka bahari. Viazi mviringo vilitoka kwenye milima ileile ya kwinoa. Babu zetu walipokea mbegu ngeni na wakazifanya zao. Hakuna aibu katika kupokea. Ila waliipokea kidogo kidogo, wakaijaribu nyuma ya nyumba, wakaionja, na hawakung'oa mtama wao siku ileile.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja aliniachia pakiti ya nusu kilo ya kwinoa ya kula. Tulipika robo tatu. Iliiva kwa dakika kumi na tano tu, na mke wangu akafurahi sana kwa ajili ya kuni. Watoto waliila bila taabu. Nikachukua ile iliyobaki nikaimwaga kwenye tuta mwezi wa kumi na moja, sikumwuliza mtu. Hilo lilikuwa kosa, tena mimi niliyesoma nilipaswa kujua. Punje ya kula haikuandaliwa kuwa mbegu, na kwinoa ina ugonjwa wa ukungu wa majani ambao husafiri ndani ya mbegu. Ningeweza kuleta ugonjwa usiokuwepo.

Nyingi hazikuota, maana kiwandani hukwanguliwa na kuoshwa. Zilizoota zilikuwa nzuri kwa mwezi na nusu. Kisha mvua zikashika sawasawa. Majani yakaanza madoa ya manjano, kwa chini yakawa na unga wa kijivu, yakadondoka. Mashuke yaliyobaki yalikomaa mvua ikiwa bado inanyesha, na punje zikaota mizizi juu ya shina, kabla sijavuna. Nilipata kikombe kimoja. Nikasema angalau tuonje jasho letu. Ikawa chungu, haifai, na sufuria limejaa povu kama la sabuni. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kama nimepika omo.

Ndipo nikaelewa. Punje ya kwinoa ina ganda lenye kitu kiitwacho saponini, ambacho ni kichungu na hutoa povu. Ile ya pakiti ilikuwa imeoshwa. Mtoto wa punje ile alizaliwa na ganda jipya. Uchungu huo ni ngao yake, ndege hawaipendi, na anayelima mtama akipigana na kwelea kwelea atauona kuwa baraka. Lakini kabla ya kula lazima uiondoe. Kule Bolivia akina mama huikaanga kidogo, huikanyaga kwa miguu ndani ya jiwe lenye shimo pamoja na udongo mweupe, huipepeta, ndipo huiosha. Sisi tungeweza kuitwanga polepole kwenye kinu, tuipepete, kisha tuioshe mpaka povu liishe. Maji hayo yasimwagwe mtoni, yanaua samaki.

Akina mama, hapa ndipo hesabu yenu inapoanza, na ninyi mnaijua kuliko mimi. Kwinoa inaokoa kuni. Maharage yanakaa jikoni saa mbili au tatu, na kila mzigo wa kuni ni safari ya porini ambako binti zetu wamepatwa na mambo ambayo sitayataja mbele ya watoto. Hiyo ni faida kubwa mno. Lakini kwinoa inataka maji, na maji ni foleni ya madumu toka alfajiri. Nani atakayeosha mara nne, mara tano? Sijaona kijana yeyote kati ya walioleta ombi akiwa kwenye foleni ya bomba. Msinichukie, nasema niliyoyaona.

Kuhusu protini: ni kweli kwinoa inazo zote zinazohitajika. Lakini bugali na maharage vikikutana kwenye sahani moja, kimoja kinajaza pengo la mwenzake. Bibi zetu hawakuwa na maabara, na bado walipatia.

Sasa nije kwenye yale makofi. Tupige hesabu pamoja, wenye simu watoe simu. Nchi iliyotupokea imetuwekea mipaka, hatulimi nje ya kambi. Tuna vibustani pembeni mwa nyumba. Chukueni kibustani cha mita nne kwa tano, yaani mita ishirini za mraba. Bolivia, kwenye udongo wao mgumu, mkulima hupata kilo kama 500 au 600 kwa hekta. Mimi nitakuwa mkarimu, nitaweka tani nzima kwa hekta. Hiyo ni gramu mia moja kwa kila mita ya mraba. Kibustani chako kitakupa kilo mbili, baada ya miezi minne au mitano ya kazi. Kilo mbili za kwinoa zina nguvu ya kalori kama 7,360. Mtu mmoja anahesabiwa kalori 2,100 kwa siku, na mashirika ndiyo yanayotumia kipimo hicho. Kwa hiyo kibustani kizima kinamlisha mtu mmoja siku tatu na nusu. Familia ya watu sita hainyanyuki hata na jioni ya siku ya kwanza. Shamba la mfano nalo, nusu ekari, mavuno yakiwa mazuri kabisa, ni kilo mia mbili. Gawanyeni kwa kambi nzima mwone kila mtu atapata nini.

Ndiyo maana niliogopa nilipoona yale maneno yanaandikwa daftarini. Wageni wetu wa mashirika, nasema kwa heshima, na wengi wenu mmekuwa nasi katika shida. Mgao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka hii, na tunaambiwa fedha za wafadhili zimepungua. Tunaelewa. Lakini isije ikaandikwa kwenye taarifa kwamba wakimbizi wamepata zao la ajabu na sasa wanajitegemea. Kibustani cha mita ishirini hakiwezi kuchukua nafasi ya mgao, hata kikipandwa nini. Kinaweza kutupa mboga, na mboga si kitu kidogo kwa mtoto anayekula unga na dengu mwaka mzima. Atakayetaka tujilishe atupe ardhi kwanza, halafu tuzungumze mbegu.

Na mabadiliko ya tabianchi? Mimi siyakatai, nani kati yetu anaweza? Lakini hayana sura moja kila mahali. Kule Bolivia, Ziwa Poopó, la pili kwa ukubwa katika nchi ile, lilitangazwa kukauka mwishoni mwa 2015. Wavuvi wake walibaki na mitumbwi juu ya udongo mkavu. Kwetu Tanganyika mambo ni kinyume. Aprili 2020 mafuriko yaliingia Uvira, watu wakafa na nyumba zikabebwa. Miaka iliyofuata ziwa likapanda, na mwaka 2024 likaingia mitaani Uvira na Bujumbura, na kando ya ziwa hapa Kigoma. Baadhi yenu mlipokea habari hizo kwa simu kutoka kwa jamaa. Zao lililozoea ukame wa Poopó haliwi dawa ya mvua nyingi kwa kuwa tu zote mbili zinaitwa tabianchi. Hapa shida yetu ni mvua inayochelewa halafu inakuja yote kwa pamoja. Kwinoa yangu haikufa kwa kiu. Ilikufa kwa maji.

Naogopa pia kuweka kila kitu kwenye zao moja. Wazee wanakumbuka batobato ya muhogo. Miaka ya 1990 iliuangamiza muhogo wa Uganda, ikateremka taratibu mpaka maeneo yetu ya Kivu. Aliyekuwa na muhogo mtupu alilala njaa. Aliyekuwa na viazi, kunde na ulezi pembeni alipata la kumvusha.

Sasa pendekezo langu kwa kura ya Jumamosi. Tusilipe shamba lote kwinoa, wala tusiwakatalie vijana. Tuwape matuta manne upande wa juu, pale maji hayatuami. Mbegu ziombwe kwa kupitia bwana shamba wa serikali, ziwe na kibali cha afya ya mimea, na ziwe za aina zaidi ya moja, maana ziko fupi na ndefu, chungu na zisizo chungu sana. Zisipandwe mwezi wa kumi na moja kama nilivyofanya mimi. Zipandwe mwezi wa pili mwishoni, juu juu, sentimita moja au mbili tu, ili mashuke yakomae mvua zikiwa zimekata. Vijana wenyewe waandike kila kitu: siku ya kupanda, mvua, ugonjwa, kilo zilizovunwa, na ndoo za maji zilizotumika kuosha. Hizo ndoo waziandike bila kupunguza hata moja. Mwaka kesho wasimame hapa watusomee, na kama nimekosea nitapiga makofi kuwazidi.

Matuta yaliyobaki yawe ya lengalenga, kunde, viazi vya rangi ya chungwa, na mstari wa mtama pembeni. Lengalenga unaanza kuichuma baada ya wiki tatu au nne, unakata, inachipua tena. Tena iko lengalenga ya nafaka, ambayo Kenya wanasaga unga wake na kuuza madukani, punje yake ni ndugu kabisa wa kwinoa na haina povu. Nashangaa hakuna aliyeiombea shamba. Labda kwa sababu tunaijua.

Jambo la mwisho ni mbegu za humu humu ndani. Wapo akina mama waliovuka ziwa na mbegu zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Ninawajua wanne, na mmoja alifariki mwaka jana. Lengalenga yake nyekundu ilikuwa ikiota mlangoni kwake, na alipozikwa, waliopewa nyumba walifyeka wakafagia. Sijaiona tena kambini. Kikundi cha akina mama wa mbegu kimepata pipa lenye mfuniko na kitakuwa shambani Jumamosi asubuhi, kabla ya kura. Mwenye mbegu yoyote ya nyumbani, hata kijiko kimoja cha chai, alete na amtajie mwandishi jina lake na kijiji alikotoka nayo. Na kama kuna mtu aliyewahi kuomba mbegu kwa yule mama wa lengalenga nyekundu, tafadhali aje anione leo kabla hatujatawanyika.